Sauti ya Mguu wa Pundamilia

“Wananchi watukufu, mlio hai na mlio katika daftari la wapiga kura! Wizara ya Pori, Utulivu na Utii inayo heshima isiyopimika kwa mizani yoyote kuwatangazia kwamba Jumapili hii, saa kumi kamili alasiri, mtaanza kuletewa mfululizo wa picha za wanyama ulio mkubwa kuliko yote iliyopata kutengenezwa chini ya jua. Mfululizo huo unaitwa Porini Hakuna Serikali. Una sehemu hamsini na mbili. Mtaona wanyama halisi, wakiuana kihalisi, katika rangi zao halisi. Kutazama ni hiari. Wasiotazama watatembelewa.”

Tangazo hilo lilisomwa mara tisa kwa siku, nalo lilikuwa na kasoro moja ndogo. Nchi nzima ilikuwa na televisheni mia nne, na mia tatu tisini na sita kati ya hizo zilikuwa nyumbani kwa mawaziri. Wananchi waliobaki walikuwa na redio. Wizara ikakaa, ikatafakari, ikatoa uamuzi wa busara: picha hizo zitaonyeshwa redioni.

Nchi yenyewe ina jina, ila kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa tarehe thelathini Februari. Sisi tutaiita Nchi Tulivu. Mimi sijafika huko, sina ndugu huko, wala miguu yangu yote miwili haina habari na mambo ya huko. Nasimulia kama nilivyosikia.

Shabaha ya mfululizo ilikuwa elimu. Baba Mlezi wa Taifa alikuwa amegundua kwamba wananchi wameanza kunung’unikia bei ya unga, mashimo ya barabarani na jirani wanaoitwa mara moja wasirudi. “Hawajui neema waliyonayo,” alisema kwa uchungu. “Waonyesheni wanavyoishi wasio na serikali.” Ukatoka waraka: katika kila dakika ya kipindi imwagike damu isiyopungua kikombe kimoja cha chai, na kila sehemu imalizike kwa maneno “Shukuru hapo ulipo.”

Wapiga picha wakaenda porini miezi mitatu. Walirudi wamekonda, na wamebeba saa mia mbili za simba aliyelala.

Simba, kwa wasiomjua, hulala saa ishirini kwa siku. Walikuwa naye amelala chali, amelala ubavu, amelala huku ulimi nje, na dakika nne akiwa macho, akipiga miayo. Walikuwa na fisi akiwalamba wanawe masikio. Walikuwa na viboko wawili waliotazamana asubuhi nzima kwa chuki kubwa, kisha kila mmoja akaenda zake.

Bwana Tiberi Msokwa, Mkurugenzi wa Matukio ya Porini, alizitazama picha hizo akashika kichwa.

“Wanyama hawa wamehongwa na nani?” aliuliza.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mbele ya Baba Mlezi mwenyewe alikuwa ameshatia sahihi hati ya kiapo kwamba kila sauti itakayosikika katika mfululizo huo itatoka katika koo, mfupa au utumbo wa mnyama aliye hai. Basi akafanya kama afanyavyo kila mkurugenzi aliyekula kiapo cha namna hiyo. Akashuka ngazi hadi chumba cha chini cha redio ya taifa, akagonga mlango wa Sikudhani Mbaruku.

Bi Sikudhani alikuwa fundi wa sauti. Kwa miaka ishirini alikuwa amewatengenezea watu wa michezo ya redio kila walichokosa: mvua kwa mchele juu ya ungo, farasi kwa vifuu viwili, mapenzi kwa kubusu mkono wake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mpole, mnene kiasi, ambaye hata kuku wa sikukuu huchinjiwa na jirani.

“Bi Siku,” Mkurugenzi alisema, “nataka nyati araruliwe na simba sita. Kufikia Jumapili.”

“Araruliwe sana, Bwana Tiberi, au kidogo?”

“Mpaka mama mzazi wa nyati, popote alipo, asikie.”

Sikudhani akaenda sokoni. Mbavu za nyati zikawa mihogo mibichi ndani ya gunia. Ngozi ikachanika kwa shuka kuukuu lililoloweshwa. Matumbo yalikuwa mlenda, uliomiminwa polepole kutoka sufuriani hadi kwenye beseni. Damu ililambwa na yeye mwenyewe, kutoka bakuli la uji wa ulezi, na siku za vipindi hakuhitaji chakula cha mchana.

Nchi ikatetemeka. Sehemu ya pili, simba mpya alipolitwaa kundi na kuwauma shingo watoto wote wa simba aliyefukuzwa, mmoja baada ya mwingine, kwa kuvunjwa karoti saba, wanawake watatu walizirai katika soko kuu. Sehemu ya tatu, mbwa mwitu walimla swala angali amesimama, na wauza nyama choma wakakaa siku nne wakijipepea wenyewe. Watu walizima redio zao wakishusha pumzi. “Afadhali sisi,” waliambiana. “Shimo la barabarani halikung’ati.” Wizara ikafurahi mno.

Mkurugenzi alitunga pia Sheria ya Kutenganisha Viumbe. Ikiwaka taa nyekundu ya studio, sauti ya binadamu itakayosikika ni moja tu, ya msimulizi, Mzee Kologeza Ndimbo, mwenye sauti nzito kama jiwe la kusagia. Mtu mwingine yeyote atakayetamka neno la binadamu katika kipindi cha wanyama atahesabiwa ameitoroka jamii yake, na adhabu yake ni miaka kumi na minne. Kukohoa kuliruhusiwa, kwa idhini ya maandishi, kama nyani.

Aliyeuvumilia mfululizo huo kwa taabu kuliko wote alikuwa Mshamu, mdogo wake Sikudhani, aliyekuwa akikaa naye. Miaka miwili nyuma Mshamu alicheka mahali ambapo hapakuandikwa kucheka. Akaalikwa siku tatu kwenda kusaidia kupanga vitabu katika Ghala la Vitabu vya Kiada, jengo la kijivu lisilo na madirisha, ambalo hakuna mwanafunzi yeyote aliyewahi kuona kitabu kikitoka humo. Alirudi na vidole kumi, kila kimoja kikielekea upande wake. Hakusema neno juu ya vitabu. Sikudhani alimlisha uji kwa kijiko, asubuhi na jioni, na hakumuuliza.

Jioni ya sehemu ya nne, fisi walipomvunja pundamilia mguu, Mshamu aligeuza uso asipokee kijiko.

“Dada Siku. Ule mguu.”

“Ni muwa, Mshamu. Muwa mmoja tu, nimeuvunja kwa goti.”

“Najua ni muwa.” Alikisukuma kijiko kwa kiwiko. “Usiuvunje tena.”

Sasa ndipo ikaja barua.

Ilifika Wizarani siku ya Jumatano, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko mzuri sana, mwandiko wa mtu mwenye akili na malezi. Ilisema hivi: “Ndugu Waziri. Sauti ya mguu wa pundamilia katika sehemu ya nne inafanana mno na sauti inayotoka katika Ghala la Vitabu vya Kiada wakati wa kupanga vitabu vizito. Naomba kuelimishwa. Je, pundamilia wameanza kusoma? Wako mtiifu, Mwananchi Mwema.”

Waziri hakucheka. Katika Nchi Tulivu, waziri hucheka kwa foleni, baada ya aliye juu yake. Aliituma barua kwa mwenye Ghala.

Mwenye Ghala alikuwa Afande Lukwaro, ambaye cheo chake rasmi kilikuwa Mkutubi Mkuu. Alikuwa mtu safi, mwenye kucha zilizokatwa vizuri na nondo moja ya futi mbili aliyoijaladia kwa karatasi ya kaki, kama mtoto mwema anavyojaladia daftari lake. Tena alikuwa mpenzi mkubwa wa mfululizo. Hakuwahi kukosa sehemu hata moja.

Jumapili ya sehemu ya tano, saa kumi kasorobo, aliingia studio na barua mkononi.

“Shikamoo, mama,” alimwambia Sikudhani. “Mimi ni msikilizaji wako. Yule nyati alinitoa machozi.”

“Marahaba, Afande,” Sikudhani alijibu, akarudi nyuma hatua moja, maana aliiona ile kaki.

“Sitakuchelewesha. Kuna swali moja dogo la kikutubi.” Akasoma barua. “Una mdogo wako aliyewahi kutusaidia kupanga vitabu. Amekusimulia tunavyopanga?”

“Hajasema kitu, Afande. Yule hata chumvi haombi.”

“Kwa sababu kama sauti ile imetoka kwake, itabidi nyote wawili mje mtusaidie. Na safari hii tunapanga kamusi kubwa.”

Sikudhani alifikiria vidole vya Mshamu. Havikuwa na nafasi ya kupinda zaidi. Akainama chini ya meza akatoa tita zima la miwa. “Ni hii, Afande. Wallahi ni hii tu. Navunja kwa goti.”

Pembeni, Mkurugenzi Msokwa akageuka rangi ya majivu.

“Miwa?” alisema. “Miwa gani? Mimi miwa hiyo ndiyo kwanza naiona! Afande, mama huyu mimi simfahamu vizuri. Kila sauti tunairekodi porini, kutoka kwa mnyama mwenyewe.”

“Bwana Tiberi!” Sikudhani alihamaki. “Si wewe uliyebeba mbavu za nyati nyumbani kwako ukazipika kwa nazi?”

“Hiyo ilikuwa mihogo!”

“Ndiyo nasema!”

Mkutubi Mkuu akainua mkono wakanyamaza. Kichwani mwake mambo yalikuwa wazi kama hesabu ya darasa la pili. Kama sauti ni ya Ghala, mama amevujisha siri. Kama sauti ni ya muwa, Mkurugenzi amemdanganya Baba Mlezi. Mmoja wao lazima avunjwe. Lililobaki ni kusikiliza tu.

“Vunja,” alisema, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

Sikudhani akavunja. Ka!

Afande alitikisa kichwa taratibu. “Unafanana. Kwa mbali unafanana, na nakupongeza. Lakini hapana. Huu wako una haraka, mama. Unasema mara moja, umekwisha. Mfupa husema mara mbili. Mara ya kwanza hukataa. Mara ya pili hukubali. Katikati kuna kimya kidogo, na hicho kimya ndiyo kazi yenyewe. Hapo ndipo unapomjua fundi.”

“Kwa hiyo, Afande, wangu si wa Ghala?”

“Mama yangu, ungetuletea huu Ghalani tungekufukuza siku hiyohiyo.”

Sikudhani hakuwahi kutukanwa kazi yake akafurahi kiasi hicho. Afande akamgeukia Mkurugenzi, akaanza kuikunjua ile kaki, polepole, asiichane.

“Bwana Msokwa. Uliapa kwa Baba Mlezi.”

Msokwa alifungua kinywa kujitetea, na wakati huohuo saa ya ukutani ikagonga kumi. Taa nyekundu ikawaka.

“Katika mbuga pana,” Mzee Kologeza akaanza kusoma, bila kuinua macho kwenye karatasi, kwa sababu karatasi ilikwisha pitishwa na kamati tano na yeye alikuwa na wajukuu, “pundamilia mzee ametengwa na kundi lake.”

Nondo ikashuka kwenye ugoko wa kushoto.

Neno “nisamehe” lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Mkurugenzi. Lakini sheria aliitunga mwenyewe, miaka kumi na minne aliipendekeza mwenyewe, na tangu zamani alikuwa mtu wa kufuata kanuni. Akalimeza neno. Badala yake, kutoka kifuani mwake, ikatoka sauti ambayo hakuna pundamilia wa nchi ile aliyewahi kuitoa vizuri namna ile: “Kwa-ha! Kwa-ha! Kwa-ha!”

“Fisi wa kwanza amemfikia,” alisema Mzee Kologeza.

Nondo ikashuka kwenye mguu wa pili. Mfupa ukakataa. Kikapita kimya. Mfupa ukakubali, na ncha yake nyeupe ikachungulia nje ya suruali ya Mkurugenzi kama mtu anayetaka kujua kuna nini. Damu ikaruka ukutani, kwenye tita la miwa, kwenye miwani ya msimulizi. Mkurugenzi alijiburuta kwa viwiko kuelekea mlangoni akilia kwa-ha, kwa-ha, na Afande akamfuata nyuma hatua kwa hatua, bila papara, akimkanyaga mkono kila ulipoinuka, vidole vikilia kimoja kimoja. Mzee Kologeza akafuta miwani kwa tai yake. “Kundi linatazama kwa mbali,” alisoma. “Ndivyo asili ilivyopanga.”

Sikudhani alisimama na kipande cha muwa mkononi. Hakuweza kupiga kelele. Hakuweza kusema acha. Alitapika ndani ya ndoo, na taifa likaipokea sauti hiyo kama fisi wa pili. Lakini sikio la miaka ishirini halijui kufunga duka hata mwenyewe akitaka. Lilipima kile kimya cha katikati. Kilikuwa na urefu wa mtu kumeza mate.

“Shukuru hapo ulipo,” Mzee Kologeza alimalizia, na taa ikazimika.

Simu ililia kabla hawajamnyanyua Msokwa sakafuni. Alikuwa Baba Mlezi.

“Hatimaye!” alinguruma. “Huyo ndiye pundamilia! Wale wa mwanzo nilikuwa na wasiwasi nao!”

Mambo yakaenda kwa kasi isiyo ya kawaida kwa nchi ile. Msokwa alipelekwa hospitali, akatunukiwa nishani ya daraja la pili, nayo ikabandikwa kwenye plasta kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pazima. Sikudhani akateuliwa Kaimu Mkurugenzi. Ukatoka waraka mpya kupiga marufuku mboga, nafaka na matunda katika mfululizo. Kila Jumapili Mkutubi Mkuu ataleta mnyama mmoja kutoka miongoni mwa wananchi wenye makosa. Kaimu Mkurugenzi akikataa, kiti cha mnyama kitakaliwa na yeye, na cha Jumapili itakayofuata kitakaliwa na mdogo wake.

“Na wa kwanza,” Afande alisema, “atakuwa Mwananchi Mwema. Anayeitambua sauti ya Ghala bila kuwahi kupanga vitabu ni jasusi.”

Walimtafuta kwa sayansi. Karatasi ya barua ilinuswa na wataalamu wanne, wakakubaliana kwamba inanuka maharage yaliyotiwa mafuta ya taa. Chakula hicho huliwa katika shule za bweni pekee. Wakaenda shule moja ya wasichana, wakawakalisha wanafunzi mia sita bwaloni, wakawaamuru waandike imla: “Je, pundamilia wameanza kusoma?” Miandiko ilifanana yote, kwa sababu wote walifundishwa na mwalimu mmoja. Lakini mmoja alicheka kabla sentensi haijaisha. Wakamchukua huyo.

Wakati huo Sikudhani alikuwa amejifungia jikoni kwake na mwanzi mkavu, miwa iliyokaa juani siku tatu, na ngozi mbichi ya mbuzi. Mwanzi aliuingiza ndani ya muwa, vyote akavifunga kwa ngozi. Mshamu alikaa ng’ambo ya mlango, amempa mgongo.

Ka-ka.

“Bado,” Mshamu alisema.

Akapunguza mwanzi, akalowesha ngozi. Ka, ka.

“Bado, dada. Huo umekubali mapema.”

Alivunja Alhamisi nzima, na Ijumaa, mpaka magoti yake yakawa na rangi ya zambarau. Jumamosi adhuhuri alivunja wa arobaini na kitu. Akangoja neno “bado.” Halikuja. Alipofungua mlango alikuta kiti kimeanguka na Mshamu yuko uani, ameegemea ukuta, amekumbatia mikono yake miwili kifuani kama mtu aliyebeba ndege.

“Nisamehe, mdogo wangu,” alisema.

“Ndiyo huo,” Mshamu alijibu. “Tengeneza mingi.”

Jumapili Afande alimleta yule msichana, amefungwa mikono, umri miaka kumi na sita, na kwa wakati huo hakuwa anacheka. Sikudhani alimpokea Mkutubi Mkuu kwa heshima zote.

“Afande, nina ombi la kifundi. Mtu hawezi kupiga na kusikiliza kwa pamoja. Mkono ukifanya kazi, sikio hulala. Nani mwingine nchi hii ana sikio lako? Nakuomba ukae chumba cha pili, uvae visikilizio, ufumbe macho, uwe mkaguzi. Nondo nipe mimi.”

Afande aliguswa. Hakuna aliyewahi kumsifia sikio. “Utaweza, mama?”

“Nimemlisha mdogo wangu miaka miwili, Afande. Nimejifunza.”

Akampa nondo pamoja na kaki yake, akaingia chumba cha pili, akavuta pazia. Taa nyekundu ikawaka. Mzee Kologeza akaanza kusoma habari za pundamilia mchanga aliyepotea njia.

Sikudhani alipiga goti moja mbele ya msichana. Aliiweka nondo chini taratibu kama anayelaza mtoto. Akaweka kidole midomoni, akatoa kwenye kikapu kitu kilichofungwa kwa ngozi, akakikalisha juu ya goti lake la pili.

Muwa ukakataa. Kikapita kimya. Muwa ukakubali.

Msichana akaduwaa tu, kinywa wazi, bila sauti. Sekunde moja ikapita, ya pili ikaanza. Nyuma ya pazia kiti cha Afande kilisogea. Hapo Sikudhani akamfinya msichana paja, akafinya na kuzungusha, kama wafinyavyo mama zetu kanisani na msikitini, na msichana akapata sauti yake: “Kwa-ha! Kwa-ha!” Alilia vizuri mno, kwa kipaji, kwa kupanda na kushuka, baadaye ilisemekana wazee walivua kofia. Sikudhani akavunja wa pili. Akamimina mlenda. Mzee Kologeza, aliyekuwa akiyaona yote kwa jicho lake la pembeni, hakukosea hata koma moja.

Afande alitoka macho yamelowa. “Kile kimya,” alisema. “Mama, kile kimya!” Aliikuta miguu ya msichana imeviringwa vitambaa vyekundu kwa juisi ya rosela, hakuvifungua. Fundi hakagui kazi ya fundi mwenzake kwa macho. Msichana alirudishwa shuleni na amri kutoka kwa Kaimu Mkurugenzi, aliyomnong’oneza sikioni wakati anamfunga: achechemee mpaka kufa, kwa sababu siku atakayosahau, kiti kile kitawangoja watu wawili. Naye alichechemea kwa uaminifu, mguu ule wa kulia.

Au wa kushoto.

Basi, Matroni, hapo ndipo ulipopataka. Uliniamuru nijieleze kwa maandishi, kurasa saba, bila utani, kwa nini Jumatatu nilichechemea mguu wa kulia, Jumatano wa kushoto, na Ijumaa ukanikuta naruka dirisha la bwalo kwa yote miwili. Nilijaribu kukuandikia habari za nchi nyingine. Nimeishiwa nchi nyingine.

Barua niliandika mimi, wakati wa maandalio ya masomo, chini ya dawati. Sikuwahi kuisikia sauti ya Ghala. Saa kumi ya Jumapili ilikuwa saa yetu ya kucheza, wakatukusanya kusikiliza swala akiliwa, nikakasirika, nikatunga jambo la kuchekesha. Nilidhani nimetunga. Sikujua kwamba katika nchi hii, hata utunge jambo la kutisha namna gani, utakuta lipo tayari na lina mkutubi wake. Miguu ya Bwana Msokwa ni yangu. Sikuivunja, niliiandikia barua.

Ukinipeleka kwa Mkuu wa Shule nitachapwa, nami nitastahili. Lakini atauliza miguu yangu ilipona vipi, na wamekwisha pita wengine wanane baada yangu, wanachechemea mitaani wakiwa wazima kabisa, na kesho kuna wa kumi. Kwa hiyo nakuomba, ukimaliza kusoma karatasi hizi, zitafune. Kama zinakukwama, kuna kipande cha muwa sandukuni mwangu, chini ya soksi, nilichopewa siku ile nilegeze koo.

Na kesho saa kumi, tukikusanywa bwaloni, tafadhali kaa mbele yangu unizibe. Ule mguu ukivunjika, kila mtu hulia. Mimi huwa nacheka.